Kupunguza kwa Haki: Fikra juu ya Behewa Dogo la Reli Nyembamba

Mtu akitengeneza mfano mdogo wa kitu kikubwa, je, ana deni lolote? Na kama analo, anadaiwa na nani: na kitu chenyewe, na watu waliokitumia, au na yule atakayekuja kukitazama? Wengine watasema swali hili ni la kitoto, kwa sababu mifano midogo ni mambo ya watoto. Sisi hatuoni hivyo. Tumezoea katika kurasa hizi kuongea juu ya methali, ndoa na matanga. Safari hii tunaomba ndugu wasomaji watuvumilie tuongee juu ya behewa, au wago kama tunavyosema mtaani, lenye urefu wa sentimita 60, la mbao na bati, ambalo halitabeba mtu hata mmoja. Tutaona kwamba mambo ya mila yamo mle ndani pia.

Kwanza tuelewane juu ya kazi yenyewe. Kule Ulaya, zaidi sana Uingereza na Ujerumani, kuna watu wazima wenye akili zao timamu wanaotumia jioni zao kutengeneza treni ndogo. Wengi wao wananunua dukani sanduku lenye vipande tayari, wanagundisha, wanapaka rangi, basi. Lakini wako wengine wasiotaka sanduku. Hao wanaanza na ubao mtupu na bati tupu, wanapima, wanakata, wanalehemu, mpaka kitu kinatokea ambacho hakikuwako. Kwao hiyo njo heshima ya kazi. Hapa kwetu sanduku la vipande halijulikani hata kidogo. Mtoto wa Lubunga, wa Kenya kule Lubumbashi, au wa Kadutu kule Bukavu, akitaka gari analifanya yeye mwenyewe kwa waya, kopo na kisigino cha kandambili. Kile ambacho kule ni uchaguzi wa mtu mwenye nafasi, kwetu ni njia pekee iliyoko. Kwa hiyo tusione haya kuingia katika habari hii: tuko na haki nayo.

Behewa tulilolichagua, sisi wachache tuliokutana kwa kazi hii, ni la reli ya Kisangani hadi Ubundu. Wazee wanaikumbuka kama reli ya Stanleyville na Ponthierville. Ilifunguliwa mwaka 1906, kilomita 125 hivi, kazi ya ile kampuni ya Maziwa Makuu, CFL, iliyoanzishwa mwaka 1902 na Baron Empain. Sababu yake kila mtoto wa Boyoma anaijua: mto una maporomoko saba, na mashua haiwezi kupanda maporomoko. Basi mizigo ilishuka mashuani, ikapanda treni, ikashuka treni, ikapanda tena mashua kule Ubundu kuelekea Kindu.

Reli hiyo ni nyembamba. Upana wa kawaida wa reli huko Ulaya ni milimita 1435 kati ya chuma na chuma. Hii yetu ni milimita 1000, mita moja kamili. Na Kongo nzima ilijaa reli nyembamba za kila namna. Ile ya kwanza ya Matadi, iliyojengwa kati ya 1890 na 1898, ilikuwa na sentimita 75 hivi kabla ya kupanuliwa. Ile ya Uele, kutoka Aketi hadi Mungbere, ina milimita 600. Za Katanga zina 1067. Reli za CFL za upande wa Kindu, Kongolo na Kalemie zilikuwa za mita moja kama yetu, lakini mwaka 1955 zilipanuliwa kufika 1067 ili zipate kuungana na za Katanga. Ya Kisangani ikabaki peke yake na mita yake.

Kwa nini walijenga nyembamba? Kwa sababu ni rahisi kwa bei. Reli nyembamba inapinda kona kali, haihitaji kukata mlima sana, chuma chake ni chepesi, madaraja yake ni madogo. Hapa tayari tunakutana na neno tunalolitafuta: kupunguza. Wenye mtaji walipunguza upana wa njia, walipunguza uzito wa chuma, walipunguza gharama. Lakini jasho la waliobeba mataruma na kuchimba ardhi halikupungua. Reli ya Matadi peke yake, kwa hesabu ya wakubwa wenyewe, iliua Wazungu 132 na watu weusi na Wachina wapatao 1800, na wako wanaosema hesabu hiyo ni ndogo mno. Kumbe hata reli kubwa, ile ya kweli, ilikuwa na upunguzaji wake, na upunguzaji ule haukuwa wa haki. Walipunguza upande wao tu.

Sasa turudi kwenye meza ya kazi. Tulichukua kipimo cha moja kwa ishirini. Yaani kila kitu kinagawanywa kwa 20: mita moja ya reli inakuwa sentimita 5, behewa la mita 12 linakuwa sentimita 60, upana wa mita 2 na nusu unakuwa sentimita 12 na nusu, gurudumu la sentimita 80 linakuwa sentimita 4. Hesabu ni nyepesi: unagawa kwa mbili, unaondoa sifuri. Ubao wa kuta tulipata kwa mti mwepesi wa kombokombo, unaokatika kwa kisu. Bati la shasi lilitoka kwa makopo ya maziwa. Magurudumu yalitoka kwa mafundi wanaoyeyusha alumini ya zamani kufanya sufuria. Wao walimimina vipande vinene, na fundi mmoja akavikereza. Vile vigari viwili vya chini vinavyoshika magurudumu, ambavyo watu wa reli wanaviita boji, vilitumaliza macho kwa wiki nyingi, kwa sababu boji lazima ligeuke kwenye kona bila kuanguka.

Katika kazi hii kuna jambo moja ambalo linamshika mtu polepole. Kipimo ni ahadi. Ukisema moja kwa ishirini, umeahidi kwamba hakuna kitakachopendelewa. Mlango unagawanywa kwa 20, na dirisha kwa 20, na ngazi kwa 20. Huwezi kusema: ngazi hii ni nzuri, niiongeze kidogo ionekane, au choo hiki kinaleta haya, nikipunguze kidogo kisionekane. Ukifanya hivyo behewa litakuwa zuri machoni, lakini litakuwa limesema uongo. Haki ya fundi mdogo ni kugawa vyote kwa namba ile ile. Tunasema hii njo aina ya kwanza kabisa ya haki, ile ambayo mtoto anaielewa kabla hajaenda shule: mama akigawa ugali, agawe sawa.

Ukipima habari za reli zetu kwa kipimo hicho, unaona mara moja ginsi zilivyoandikwa. Chukua picha za zamani za wakati wa Wabelgiji, zile ambazo nyingi zimehifadhiwa kule Tervuren. Enjinia anasimama mbele, amevaa kofia, uso wake wote unaonekana, na jina lake mara nyingi limeandikwa chini. Nyuma yake kuna watu 40 au 50, na chini imeandikwa tu: wafanyakazi. Yule mmoja amepunguzwa kwa 20. Wale wengine wamepunguzwa mpaka wamekwisha. Na vitabu ni vile vile. Vinahesabu kilomita, vinahesabu tani, vinataja tarehe ya sherehe ya kufungua. Bulamatari alikuwa na mizani mbili, na kila aliyepimwa alijua amewekwa kwenye ipi.

Ndani ya behewa jambo hili lilitushika kwa nguvu. Wakati wa ukoloni Mzungu na Mwafrika hawakusafiri pamoja. Kila mmoja alikuwa na klasi yake. Picha ukizitafuta, utapata kwa urahisi viti vya klasi ya kwanza, na mapazia yake. Benchi la Mwafrika hutalipata, au utalipata kwa bahati, kwenye pembe ya picha iliyopigwa kwa ajili ya kitu kingine. Sasa fundi afanye nini? Afanye behewa la klasi ya kwanza kwa sababu vipimo viko? Au afanye benchi ambalo hakuna karatasi inayolionyesha?

Sisi tulichagua benchi. Na vipimo tulivipata mahali ambapo karatasi hazifiki: katika miili ya watu. Mzee mmoja aliyesafiri sana kwa treni ile katika ujana wake alikaa kwenye kigoda, akatuonyesha kwa mgongo wake ni wapi ubao ulimchoma, na kwa magoti yake ni umbali gani ulikuwa kati yake na mtu aliyekaa mbele. Tukapima kwa utepe kutoka kigoda hadi bega, kutoka goti hadi ukuta. Hakuna maktaba ingetupa vipimo vile. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Na sisi tunaongeza kwamba benchi usilolikalia hujui mbao zake. Mbao zile zilikuwa nyembamba, na nafasi kati yake. Kwa kipimo chetu kila moja ilikuwa na upana wa milimita 2 na nusu na unene wa milimita moja. Benchi moja lilikula jioni tatu.

Rafiki mmoja alitucheka. Alisema: paa likishafungwa, nani ataona hayo mabenchi? Si mweke ubao mmoja tu, mmalize kazi? Swali lake ni la maana, tusilipite haraka. Kwa kweli, paa likishafungwa, jicho linapita kwenye madirisha na kuona giza na kivuli. Ukidanganya ndani hakuna atakayekushika. Lakini ndiyo maana pale ndani njo mahali pa mtihani. Uaminifu wa mbele ya watu una mlipaji wake, nayo ni sifa. Uaminifu wa mahali pasipoonekana hauna mlipaji, isipokuwa mtu mwenyewe anapolala usiku. Na tena, watu waliokaa kwenye mabenchi yale walikuwa watu wa mahali pasipoonekana. Kuwafanyia benchi la uongo kwa sababu hakuna atakayechungulia ni kuwatendea kwa mara ya pili kile walichotendewa kwa mara ya kwanza. Kwa hiyo tulifanya mabenchi yote, na paa tukaliacha linafunguka.

Mpaka hapa hoja yetu inaonekana rahisi: gawa vyote sawa, utakuwa na haki. Lakini kazi ya mikono ni mwalimu mkali, haikubali hoja rahisi. Ukianza kugawa unaona kwamba vitu vingine vinakataa.

Urefu unagawanywa kwa 20, sawa. Lakini eneo, kama lile la paa la kupaka rangi, linagawanywa kwa 20 mara 20, yaani 400. Na uzito unagawanywa kwa 20 mara 20 mara 20, yaani 8000. Behewa la tani 16, likipunguzwa kwa haki, lina uzito wa kilo 2. Mtoto analinyanyua. Ndiyo sababu treni ndogo, hata ikitengenezwa vizuri namna gani, haitembei kama treni kubwa; inarukaruka, haina ule mwendo mzito wa kuyumba ambao wazee wanauiga kwa mabega wakikuhadithia. Na bati? Chuma cha milimita 4 kikigawanywa kwa 20 kinakuwa milimita 0.2, na kwa bahati njema hicho njo kiasi cha unene wa kopo la maziwa. Lakini mistari ya mti haigawanyiki. Mti wa kombokombo ni ule ule, nyuzi zake ni zile zile, kwenye behewa dogo zinaonekana kama kamba. Vumbi nalo haligawanyiki. Chembe ya vumbi juu ya paa la sentimita 60 ni kama jiwe.

Na ile tofauti ya reli yetu na ya Katanga: milimita 1000 na milimita 1067. Ukigawa kwa 20 unapata 50 na 53 na kidogo. Milimita tatu! Ukipitisha kidole hutajua. Lakini milimita hizo tatu, zikirudishwa ukubwa wake, zinasimamisha treni nzima: behewa la Ubundu haliwezi kutembea kwenye reli ya Kindu, hata ukilibeba kwa mashua ukalifikisha kule. Kitu kinaweza kuwa kidogo sana machoni, na madhara yake yakawa makubwa kama nchi.

Basi haki si kugawa kwa namba moja tu. Haki ni kujua kila kitu kinagawanyika kwa namba gani, na pale unapolazimika kuacha kipimo, useme wazi kwamba umekiacha. Ekseli zetu ni nene kuliko haki yake, kwa sababu nyembamba zingepinda. Tumeliandika jambo hilo kwenye karatasi iliyogundishwa chini ya shasi, pamoja na mengine. Fundi anayeacha kipimo na kusema ni mkweli. Anayeacha kipimo na kunyamaza, huyo tumwangalie vizuri, hata kama kazi yake inang'aa. Njia ya mwongo ni fupi.

Ndugu msomaji mwenye kupenda mila atatuuliza sasa: hayo yote ya kugawa kwa 20, si mambo ya wageni? Wahenga wetu walifanya vitu vidogo vyenye kweli kubwa bila utepe wa kupimia. Ni kweli, na tunamshukuru kwa swali hilo. Waluba wana lukasa, ubao mdogo unaoshikwa mkononi, wenye shanga na alama. Watu wa chama cha mbudye walipitisha kidole juu yake wakasimulia habari za wafalme, za safari, za mipaka. Nchi nzima katika kiganja. Na Walega, katika chama chao cha bwami, walikuwa na sanamu ndogo za pembe na za mti, na kila moja ilikuwa na msemo wake wa kufundisha tabia njema. Serikali ya kikoloni ilipokataza bwami, ilikataza shule nzima. Hakuna aliyepima lukasa kwa namba. Shanga haifanani na mfalme.

Jibu letu ni hili. Kila kitu kidogo kinatoa ahadi yake, na kinahukumiwa kwa ahadi hiyo. Lukasa haikuahidi kufanana. Iliahidi kwamba yule anayeisoma amefundishwa, na kwamba hatasema peke yake kinyume cha wengine wanaojua. Kweli yake iko kati ya ubao na mdomo. Behewa letu linaahidi kufanana, kwa hiyo litahukumiwa kwa utepe. Kuna na ahadi ya namna ya tatu. Bodys Isek Kingelez, mtoto wa nchi hii, aliyezaliwa mwaka 1948 na kufariki mwaka 2015, alitengeneza kwa karatasi, katoni na plastiki miji mizima ambayo haikuwako popote. Mwaka 1994 alikifanya kijiji chake cha Kimbembele Ihunga kuwa mji wa maghorofa. Mwaka 2018 kazi zake zilijaza vyumba vya jumba la sanaa la MoMA kule New York. Je, alidanganya? Hata kidogo. Hakuahidi kushuhudia yaliyopita. Alionyesha yanayostahili kuja. Mwenye kutumaini hapimwi kwa utepe wa shahidi. Uongo unaanza pale mtu anapotoa ahadi moja na kutimiza nyingine: anapoleta matumaini yake na kuyaita historia.

Na hapo tunafika kwenye jambo gumu, lililotufanya tuandike makala hii. Behewa lazima liwe na mwaka. Rangi yake, kioo chake, kutu yake, vyote vinauliza: mwaka gani? Sisi tulikaa tukabishana juu ya hilo, na hatukubishana kwa maneno laini.

Wa kwanza walisema: tufanye la 1906, la mwanzo, jipya. Lakini behewa jipya la 1906, linalong'aa, lisilo na mtu, linasema nini? Linasema maendeleo, linasema sherehe. Lile Dola Huru la Leopold II lilikuwa likikusanya watu kwa nguvu kwa kazi za namna hiyo, na hao hawaonekani katika rangi mpya.

Wa pili walisema: basi tufanye la 1997. Wasomaji wa hapa wanajua kwa nini. Mwaka ule, kando ya reli hiyo hiyo, kulikuwa na kambi za wakimbizi wa Rwanda, watu maelfu na maelfu, na mauaji yalifanyika huko porini. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2010 inayataja. Tarehe 4 Mei 1997 treni iliwaleta wakimbizi kutoka Biaro, kilomita 41, hadi Kisangani. Ilipofika, zaidi ya watu 90 walikuwa wamekufa ndani yake kwa kubanwa na kukosa hewa. Kilomita 41 tu. Wenzetu hao walisema: mtu anayetengeneza behewa la reli hii bila kusema jambo hilo ametengeneza sanduku la biskuti.

Wa tatu alikuwa yule mzee wa kigoda. Alisikiliza kwanza, kisha akatuambia: "Bana yangu, mule ndani tulicheka pia." Akahesabu kwa vidole: samaki wa kukausha, mihogo, kuku waliofungwa miguu, bibi arusi aliyesafiri na ndugu zake wakiimba mpaka Ubundu, mtoto aliyeona mto mkubwa kwa mara ya kwanza. Alisema kwamba tukifanya behewa la msiba peke yake, tumewapunguza watu wake kwa kipimo kingine, tumewafanya kuwa wafu tangu siku walipozaliwa.

Neno hilo lilitunyamazisha, kwa sababu lilikuwa neno letu wenyewe likirudi kwetu. Kupunguza kwa haki kunafunga pande zote mbili. Anayepunguza mateso ili kitu kiwe kizuri amedanganya. Na anayepunguza furaha ili kitu kiwe kizito amedanganya vile vile. Ukoloni ulituhesabu kama mikono ya kazi. Habari za vita zinatuhesabu kama maiti. Kati ya hesabu hizo mbili kuna watu waliofunga kuku miguu, wakakata tiketi.

Hata hivyo hatukukubali kwamba vyote vinawekwa kwenye mizani moja na kusawazishwa, furaha hapa, msiba pale, basi yamekwisha. Mbao inagawanywa kwa 20. Rangi kwa 400. Uzito kwa 8000. Mtu aliyekufa hagawanywi. Huwezi kumtengeneza mdogo wa sentimita 8 ukamkandamiza na wengine 90 nyuma ya kioo ili mgeni aone na kusikitika. Hiyo ingekuwa ni kumtumia. Kuna vitu ambavyo mkono hauna kipimo chake, na fundi mwenye adabu anapofika hapo anaweka chini kisu chake. Sanamu ndogo za watu hatukuziweka, wala za furaha wala za msiba.

Tulichofanya ni hiki. Behewa ni la miaka ya mwisho ya 1950, umri ambao mzee anaukumbuka kwa mwili wake, kwa sababu tunaweza kushuhudia tu kile ambacho tuna shahidi wake. Rangi imechakaa mahali ambapo mikono ilishika, kwenye mlango na kwenye ngazi. Chini ya shasi, katika ile karatasi ya makosa ya kipimo, tumeandika miaka yote mitatu, 1906, 1958 na 1997, na kilomita 41, na neno Biaro. Anayelitazama behewa likiwa mezani hayaoni hayo. Anayelinyanyua na kuligeuza anayasoma. Na kila tunapolionyesha kwa vijana tunawaambia kwanza walishike, waligeuze, ndipo tunaanza kusimulia. Kwa njia hiyo tumejaribu kuunganisha vitu viwili: utepe wa fundi wa reli na mdomo wa msoma lukasa. Kitu kinasema kile kinachopimika; watu wanasema kile kisichopimika.

Je, tumelipa deni? Tuseme tumejua mdai ni nani. Kitu chenyewe, kile cha chuma na mbao, hakidai kitu. Kitaoza porini na hakitalalamika. Atakayekuja kukitazama anadai kutodanganywa. Lakini mdai mkubwa ni yule aliyekaa kwenye benchi. Yeye anadai mambo mawili tu: benchi lake liwe na upana wake wa kweli, na asifanywe pambo.

Tunaamini kwamba kipimo hiki kinafaa hata nje ya meza ya mbao na bati. Sisi sote ni watu wa kupunguza. Mwalimu anapunguza karne nzima iingie katika saa moja ya darasa. Msemaji wa matanga anapunguza maisha ya miaka 70 yaingie katika maneno ya dakika kumi. Baba anapunguza vita alivyoviona ili mtoto apate usingizi. Hakuna anayeweza kusimulia bila kupunguza, na hakuna wa kumlaumu kwa hilo. Tunachoweza kumuuliza, kwa heshima, ni yale yale ambayo benchi la milimita 2 na nusu lilituuliza sisi: umegawa kwa namba gani? Umegawa wote sawa, au wako uliowapunguza mpaka wakaisha? Na pale ulipoacha kipimo, umeandika chini?

Vijana wanaotaka kuanza kazi kama hii, tunawapa shauri dogo. Msingoje sanduku kutoka Ulaya. Chukueni utepe, nendeni Lubunga penye reli, pimeni mita ile moja kwa mikono yenu. Kisha tafuteni mzee, mpeni kigoda akae, mumwombe awaonyeshe magoti yake yalifika wapi. Fanyeni haraka kwa hilo la pili. Chuma kitangoja.